Ndugu wa Kaburi 318

Wino ulikuwa mbichi. Fundi alipopitisha kidole kwenye mstari wa kaburi 318, kidole kikatoka cheusi, na daftari lenyewe lilikuwa limeandikwa miaka sabini iliyopita. Akakitazama, akakifuta kwenye gauni lake la kazi, akajiambia ni joto tu la chumba kile kisicho na dirisha.

Ilikuwa Alhamisi yake ya tano katika ofisi ya kumbukumbu. Kila Alhamisi alikifunga kibanda chake cha cherehani mapema, akaja kukaa kwenye benchi gumu mbele ya mtunza nyaraka, mzee mfupi aliyeitwa Miwani na kila mtu, akafunua madaftari ya makaburi ukurasa baada ya ukurasa. Hakuwa akitafuta urithi. Mama yake alifariki bila kumwambia lolote kuhusu kwao, na katika dunia nzima Fundi alikuwa na watu wawili tu wa damu yake: kaka yake aliyeishi naye, ambaye alitengeneza mafriji, na binti yake mwenyewe wa miaka saba waliyemwita Kidoti. Mwalimu alipowaambia watoto wachore ukoo, Kidoti alirudi na karatasi yenye majina matatu, ilhali wenzake walikuwa wamejaza mpaka pembeni. Jambo hilo lilimchoma Fundi kuliko alivyopenda kukiri.

Sasa alikuwa amempata babu, kaburi 316, na bibi, 317. Kando yao kulikuwa na 318. Penye jina palikuwa patupu. Penye mwili paliandikwa "hakuna". Penye uhusiano, "si ndugu". Chini ilikuwepo sahihi ya babu yake mwenyewe, imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

"Mzee, mtu anazikwaje pasipo mwili?" akauliza.

Miwani akainua mabega. "Makarani wa zamani walikuwa na mambo yao, mama. Pengine ni kichanga, wakaona haya kusema."

Roho ilimuuma Fundi. Kazini hakuchukia kitu kama nguo iliyoachwa bila pindo, na hapa aliona mtoto wa watu ameachwa hivyo hivyo miaka sabini. Ofisi ilikuwa inanakili madaftari mabovu upya, na ndugu wa marehemu waliruhusiwa kujaza fomu ya masahihisho. Akaomba moja. Akakata "si ndugu", akaandika "ndugu yetu", akatia sahihi. Miwani akagonga muhuri, na Fundi akarudi nyumbani na furaha ya mtu aliyetenda wema.

Kesho yake adhuhuri alikuwa akikata kitambaa mezani aliposikia mtu akikung'uta viatu kwenye zulia la mlangoni. Akangoja abishe hodi. Hakubisha. Aliendelea kukung'uta, taratibu, kama mwenye udongo mwingi kwenye soli, na Fundi alipofungua hakukuta mtu, ila harufu ya shimo lililochimbwa sasa hivi.

Jumamosi viatu vilikung'utwa sebuleni. Jumapili vilikung'utwa kwenye korido, karibu na chumba cha mtoto.

"Panya hao," kaka yake akasema, lakini alisema kwa sauti ya chini, na hakuinuka kwenda kuwatafuta.

Jumatatu Kidoti aliacha kula, akaweka kijiko chini. "Mama," akanong'ona, "yule ndugu yetu anauliza akae wapi."

Fundi hakuwa amemwambia mtu yeyote kuhusu fomu ile.

"Ndugu gani?"

"Yule wa kwenye korido. Anasema nafasi zetu ni tatu na zimejaa, kwa hiyo mmoja atoke."

Fundi akamvuta mtoto kifuani, akaona kucha zake zimejaa udongo mwekundu. Aliogopa, na hakuogopa kwa ajili yake mwenyewe. Kidoti ndiye alikuwa mdogo kuliko wote, ndiye aliyeongea na kitu kile, na usiku ule Fundi alipomgusa shavu lilikuwa baridi.

Asubuhi alikimbilia kwa Miwani aichane ile fomu. Mzee aliposikia aliitoa fomu kwenye faili, akampa, kisha akaandika anwani kwenye kipande cha karatasi. "Nenda kwa Bi Karani. Baba yake ndiye aliyeandika daftari hilo, na zaidi ya ukarani aliijua kazi ya uganga. Amemrithisha binti yake."

Bi Karani alikuwa mwanamke mnene mwenye ndala za plastiki, na alipoambiwa namba ya kaburi aliizima redio.

"Huyo si kichanga, mwanangu. Ni jini asiye na watu. Huzunguka nyumba za watu akidai undugu, na hawezi kuingia asipokubaliwa. Babu yako alimkana mbele ya watu, na baba yangu akauzika ule mkano kaburini. Wewe umekwenda kumkubali kwa mkono wako."

"Niliona huruma," Fundi akasema, akaanza kulia.

"Najua. Nyote wa damu moja mtamkana kwa mdomo, mmoja mmoja, nami nitafunga. Lakini fanyeni haraka. Kwa maandishi yeye sasa ni ndugu, na ndugu naye ana haki ya kumkana ndugu. Msimwachie nafasi ya kusema."

Jua lilikuwa linazama walipokaa sebuleni, wamefunga madirisha. Bi Karani aliichana fomu, akaitia kwenye bakuli la maji ya chumvi, akamwelekezea kaka kidole aanze.

"Huyu si wetu," kaka akasema, jasho likimtiririka.

"Huyu si wetu," akasema Fundi.

Ikawa zamu ya Kidoti. Mtoto alifungua mdomo, akaufunga. "Anasikitika," akanong'ona.

"Sema, mama, sema upesi," Fundi akambembeleza, na wakati huo huo akasikia viatu vikikung'utwa nyuma ya kiti cha mtoto, pole pole kisha kwa kasi, na harufu ya udongo ikapanda, na taa ikafifia bila kuzimika, na akaona nywele za Kidoti zikilazwa upande mmoja na kiganja ambacho hakikuwepo, ndipo akaomba kimoyomoyo, kwa roho yake yote, bila kujua anamwomba nani, kwamba kama ni lazima mmoja atoke basi asiwe mtoto, awe yeyote yule lakini asiwe mtoto.

"Huyu si wetu," ikasema sauti kavu sikioni mwa Fundi, kama isiyozoea kutumika. Haikuwa ya mtoto.

"Huyu si wetu," Kidoti akasema kwa kuchelewa, akilia.

Bi Karani akalifunika bakuli. Harufu ikakatika papo hapo, taa ikang'aa, na shavu la mtoto likarudi rangi yake. Fundi akashusha pumzi ndefu, akamkumbatia bintiye akicheka na kulia kwa pamoja. "Kimeondoka, mwanangu. Kimekwenda."

Kidoti alikakamaa mikononi mwake. Akajinasua taratibu, akaenda kusimama nyuma ya mjomba wake, akamshika shati.

"Kaka," Fundi akasema, "mtoto ana nini?"

Kaka yake alimtazama usoni kwa muda, kama anayejaribu kukumbuka wamewahi kuonana wapi. "Samahani, mama," akasema. "Umekuja pamoja na Bi Karani?"

Fundi akageuka kumtazama Bi Karani. Mganga alikuwa ameinamisha kichwa na hakukiinua.

"Mjomba," Kidoti akanong'ona, "huyu mama analia nini?"

"Sijui, mwanangu. Labda amefiwa." Kaka akaenda kuufungua mlango, akaushikilia kwa adabu, na Fundi alipofika kizingitini akamwelekeza kwa mkono njia ya kutokea barabarani.