Mgeni wa Kiti cha Nyuma

Gari la Imad lilianza kulia walipokuwa wanakaribia Minto, mtaa wao huku Australia, mlio ule mdogo wa kukukumbusha kwamba abiria hajafunga mkanda. Imad alikuwa kafunga wake. Rafiki yake Njenga, aliyekaa pembeni yake na magoti ya miguu yake mirefu yamekita kwenye dashibodi, naye kafunga. Taa nyekundu ilikuwa inaonyesha kiti cha nyuma, kile cha katikati, na pale hapakuwa na kitu ila makombo ya biskuti za Safaa, binti wa Imad.

"Sensor imeingia maji, bro," Njenga alisema. "Si uliona vile tulivuka ile mto?"

Imad alikubali, maana mtu aliyechoka hukubali lolote. Walikuwa wametoka milimani kuipima njia. Klabu yao ya magari ya four-wheel ilikuwa inapanga safari ya majira ya baridi, wakubwa na watoto, kwenda kuona theluji, na mwaka huu Imad ndiye aliyepewa kuiongoza. Kwa mtoto wa Tanga ambaye baridi kali aliyoijua utotoni ni ya sakafu ya msikiti alfajiri, hiyo ilikuwa heshima, naye alitembea nayo kifua mbele.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mwenzake, kwa sababu aliliona dogo. Mchana ule Njenga alipopanda kilimani kutafuta mtandao, Imad alikaa ukingoni mwa mto akafungua hotipoti ya pilau aliyofungiwa na mkewe Jokha. Ng'ambo, katikati ya miti, akapita mtu mmoja, koti refu, kichwa wazi, hatazami kulia wala kushoto. Sasa, watu wa pwani tuna ugonjwa wetu: hatuwezi kutia tonge kinywani mbele ya mpita njia bila kumkaribisha. Ni adabu ya mdomo tu. Mpita njia naye anaijua kazi yake, anasema "starehe" na kwenda zake, na kila mmoja anabaki na heshima yake na chakula chake.

"Karibu chakula," Imad alisema, kwa Kiswahili, ndani ya msitu wa Australia, halafu akajicheka.

Yule mtu hakusema starehe. Alisimama, akageuka, akaanza kuja. Ukungu ukapita juu ya mto, na ulipoondoka hapakuwa na mtu. Imad akatia tonge. Pilau ya Jokha, ambayo harufu yake huwatoa majirani ndani, haikuwa na ladha yoyote. Ilikuwa kama kutafuna karatasi iliyolowa.

Nyumbani mambo yakaanza mezani. Jokha, Mzanzibari anayefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa katika hospitali ya Westmead, alirudi kazini akapika mchuzi wa kuku, akaonja, akatia chumvi, akaonja, akatia tena. "Baba Safaa, hii chumvi mmenunua wapi?" aliuliza. Kila walichopika kilikuwa baridi kabla hakijafika kinywani, na chumba kilinuka majani ya mikaratusi yaliyoungua kisha yakanyeshewa. Na walipomaliza kula, vijiko vikiwa chini, kila mmoja alimsikia mwingine akitafuna. Walitazamana, na hakuna aliyekuwa na kitu mdomoni.

Imad na Jokha waliweza kuvumilia, wana nyama za akiba. Safaa ana miaka tisa. Alikula sahani nzima akasema, "I'm still hungry, Baba," na kesho yake hivyo hivyo, na wiki iliyofuata sketi ya shule ikawa inamwanguka kiunoni. Hospitali walimpima damu, wakampiga picha, wakamlaza wakamtazama anavyokula. Kila majibu yalirudi safi. Mtoto alizidi kukonda huku anakula, na mama yake, anayewalisha wagonjwa wa watu kila siku, alikuwa anajifungia bafuni alie.

Jioni moja Imad alipiga goti mbele ya kiti cha bintiye. "Mama, niambie. Unakula kweli?"

"He eats mine first," Safaa alisema kwa sauti ndogo.

"Nani?"

"Your friend. The cold one." Alimtazama baba yake kana kwamba baba ndiye mtoto. "Mama said visitors go first."

Ndipo Imad akampigia ami yake Khamis, Tanga, mzee anayesomea watu wenye mashetani. Simu iliwekwa katikati ya meza na mzee akasoma, sauti yake imejaa mikwaruzo ya mtandao, akasoma mpaka jasho likamtoka Imad kwa niaba yake. Kule kutafuna kulinyamaza kwa adabu kisomo chote. Mzee aliposema amin, kukaanza tena.

"Mwanangu," Ami Khamis alisema, na sasa alikuwa ananong'ona, "mimi hufukuza walioingia kwa kuvizia. Huyu umemwita mwenyewe, ukamwita kwenye chakula, akaitika. Aya nitamsomea kwa kosa gani?"

"Nifanye nini, ami? Mtoto anakwisha."

"Mgeni husindikizwa. Mrudishe pale pale ulipomwita, umuage vizuri. Wewe mwenyewe. Na usimwache njiani, Imad. Mgeni anayeachwa njiani anajua amedharauliwa."

Imad alishusha pumzi, kwa kuwa njia ilikuwepo. Safari ya klabu ilikuwa inapita mto ule ule.

Klabu ilikutana kwake Jumamosi iliyofuata. Waliitandaza ramani mezani, wakagawana nani atabeba minyororo ya matairi, nani kamba za kuvutia gari lililokwama, nani redio. Jokha alitoa sambusa. Kila mgeni aliuma moja, akatabasamu, akaiweka chini taratibu. Mzee Maxwell, fundi bomba mstaafu na mwenyekiti wao, aliomba sosi, akaimwaga, akaomba tena. Halafu akaweka kidole juu ya ramani, juu ya ule mto.

"This one's out, mate," alisema. "Snow came early. They've locked the gate till October."

"Tunaweza kuomba ufunguo," Imad alisema, kisha akakumbuka kuyarudia maneno yake kwa Kiingereza.

Maxwell alitikisa kichwa. Walinzi wa hifadhi hawampi mtu ufunguo, na wana haki, kwa sababu mwaka juzi watu walichimbuliwa kule thelujini kwa koleo. Tutakwenda msitu wa misonobari, alisema, watoto watafurahi vile vile. Wote wakaafiki. Imad aliomba, akabembeleza, akapandisha sauti mpaka watu wakaanza kutazama viatu vyao. Angewaambia nini? Kwamba ikifika Oktoba hatakuwa na mtoto wa kumpeleka popote? Alikaa kitini akawasikiliza wakipanga safari nyingine, na chini ya mazungumzo yao kutafuna kukiendelea, polepole, bila haraka yoyote.

Njenga alimfuata uani. "Mimi ni Mkristo, haya mambo ya majini siyajui," alisema akitazama chini. "Lakini nimeisikia ikikula. Nisamehe, bro. Kwa hiyo gari yako siwezi panda tena."

Basi Imad alikwenda peke yake, mara tu baada ya sala ya alfajiri. Mlio wa mkanda ulianza hajatoka mtaani kwao na haukukoma, ukapita naye mji wa Goulburn, ukapanda naye milima, na kadiri alivyopanda ndivyo baridi ilivyozidi kumgusa kisogoni, sehemu moja tu, kama pumzi ya mtu aliyeinama mbele kutazama njia, na harufu ya majivu yaliyolowa ikajaa mpaka macho yakamtoka machozi, wala hakuthubutu kuinua macho kwenye kioo cha ndani, kwa sababu alijua kwamba akimwona hataweza tena kuendesha, na asipoendesha Safaa hatafika Oktoba.

Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Aliuruka uzio akaenda kwa miguu, theluji ikamfika magotini, kisha mapajani, na nyuma yake akasikia hatua zinaingia ndani ya nyayo zake mwenyewe, anakanyaga na zinakanyaga, anasimama na zinasimama, mpaka akaanguka, akainuka, akaanguka tena, na mto bado uko mbali na mwanga umeanza kuondoka, na akaona wazi kwamba akiendelea atafia pale na mtoto atabaki na mama mjane na mgeni mezani. Alilia kwa hasira. Alikuwa amefanya yote anayoweza baba, na yote hayakutosha.

Aligeuka, macho chini.

"Bwana," alisema, "uwezo wangu umeishia hapa. Kwako ni pale mbele, unapajua. Umekula kwetu, sisi tumeridhika. Kwa heri."

Kisha theluji ikadidimia kando yake, hatua moja, ya pili, zikampita, zikaenda upande wa mto.

Alirudi mpaka garini kwa kutambaa. Aliwasha injini akasubiri mlio. Hakukuwa na mlio. Aliposhuka mpaka penye mtandao simu ikaita, na ilikuwa Jokha, analia na kucheka. "Kala, baba Safaa. Mtoto kala, kasema kuku mtamu, kaomba tena." Imad alisimamisha gari kando ya barabara akalia mpaka akashikwa na kwikwi, halafu akaendesha kwa utulivu mpaka Minto, na gari kimya njia nzima.

Jokha alimfungulia mlango kabla hajatoa ufunguo. Alikuwa anatabasamu. Halafu macho yake yakapita juu ya bega la mumewe, na mkono wake ukapanda wenyewe kuvuta mtandio kichwani, kama afanyavyo wakija watu asiowajua.

"Mbona hukunambia unakuja na watu?" alinong'ona. "Na watoto wote hawa. Wali wenyewe hautoshi."

Imad hakugeuka; maneno ya ami yake yalimrudia, usimwache njiani. Alifungua mdomo amzuie, lakini Jokha alilelewa vizuri kwao Unguja, na tayari alikuwa kasogea kando ya mlango na kusema, "Karibuni ndani." Baridi ikampita Imad sikio hili na sikio lile, wakubwa kwa wadogo, hadi akaacha kuhesabu.

Safaa alikuwa mezani na kijiko mkononi. Aliwatazama wanavyoketi. Kisha akakiweka kijiko chini na kuisukuma sahani yake katikati ya meza, kama alivyofundishwa.