Kibao cha Tano

Gaston aliagiza vibao vinne kutoka Ufaransa. Sanduku lilipofika kwake Saltley, mjini Birmingham, vikatoka vitano.

Vilikuwa vibao vya kaure, vya kuweka juu ya kaburi. Babu yake kule Bukavu alifanya kazi kwa mapadri wa Kifaransa, na desturi yao ikabaki katika ukoo: kila mfiwa huweka kibao chake, kinachosema yeye ni nani kwa marehemu. Mume. Dada. Rafiki. Pembeni hulazwa shada la shanga za kioo, na Siku ya Watakatifu Wote huletwa maua ya krisanthemu.

Edah, mkewe, alizipenda sana habari hizo. Alikuwa muuguzi, Mkisii, na siku za mapumziko wenzake wakienda madukani, yeye alimburuta mumewe kwenye makaburi ya kale ya Birmingham, wakasome majina ya watu waliokufa zamani za treni za mvuke. Wenzake walimcheka, wakasema wagonjwa hawamtoshi. "Mawe matupu mimi sitaki," alikuwa akimwambia Gaston. "Ukinizika hapa, unipambe kwa ile desturi yenu ya Kifaransa."

Akafa Septemba, akijifungua. Mtoto naye alitoka kimya, wakalazwa jeneza moja.

Kibao cha tano kiliandikwa À maman, kwa mama. Chini yake palikuwa na nafasi tupu ya jina.

Gaston alimpigia simu muuzaji, akaambiwa vilivyotumwa ni vinne. Vile vinne akavipeleka kaburini pamoja na shada, hiki akakisukumia kwenye droo ya jikoni. Kesho yake, saa kumi alasiri, akiwa anaosha sufuria, alisikia kitu ndani ya droo iliyofungwa. Kwikwi. Ndogo, ya kitu kidogo, ikija na kukatika.

Akaiacha sufuria. Miezi ile ya mwisho, kila siku saa kumi, Edah alikuwa akiushika mkono wake na kuuweka tumboni: "Skia, boy wako ana kwikwi tena."

Alikipeleka kibao kwenye pipa la taka la nje. Siku ya pili saa kumi kwikwi ikaanza palepale, na alipoivuta droo akakikuta kimeviringishwa ndani ya leso ya Edah, ile ambayo Gaston alikuwa ameifungia kabatini kwa ufunguo, na harufu ya maziwa ya mama ikapanda ikajaa jikoni, ikamfuata ngazini, ikamfuata hadi kitandani alikojifunika blanketi mchana kweupe kama mwenye homa, na chini ya harufu ile kwikwi ikapanda ngazi moja baada ya nyingine, polepole, ya mtu asiyejua bado kutembea.

Akamwita Maalim Mubarik, mtu wa Mombasa aliyesomea watu wenye majini kule Alum Rock Road. Mubarik alisoma, kisha akasikiliza hadi kwikwi ilipokoma.

"Majini nawajua, bwana Gaston," alinong'ona. "Jini huingia nyumba ya watu. Huyu yuko kwao. Ana jina gani?"

"Hana."

"Basi mimi siwezi kumtoa mtoto kwa babake." Akavaa viatu vyake na kuondoka.

Jumamosi alikuja Wambui, rafiki wa Edah tangu chuoni, aliyekuwepo chumba cha uzazi siku ile na ndiye aliyemwosha mtoto na kumvisha. Gaston akamweleza yote.

"Si Edah alikuwa amechagua jina?" Wambui akauliza kwa sauti ya chini. "Birindwa, la mzee wako. Kwa registrar ukasema waache tu blank."

"Jina ya baba yangu nimupe ule mwenye aliniuwia bibi?" Gaston akafoka, kisha akaogopa sauti yake mwenyewe. "Sikumuangalia hata. Sikutaka."

"Shemeji, hakumuua mtu. Walikufa pamoja, nilikuwa hapo. Huyo mtoto alifiwa na mama kama vile wewe ulifiwa na bibi. Na ni yeye pekee hajaweka kibao."

Gaston alilia hapo mezani, kilio alichokizuia siku zote za matanga. Kisha akachukua brashi ya Wambui ya kuchorea kucha, na kwa rangi nyekundu akaandika kwenye nafasi ile: Birindwa.

Walikwenda kwa basi, siku yenyewe ya Watakatifu Wote, Wambui na krisanthemu, Gaston na kibao ndani ya koti. Njiani kaure ilipata joto. Ikawa nzito, kilo tatu na zaidi, ikamwegemea kifuani na kupumua, na Gaston, aliyepaswa kuogopa kuliko siku zote, akajikuta anaikinga kila basi lilipofunga breki. Kaburini hakutaka kuinama.

"Mlaze, shemeji," Wambui akasema. "Mamake anangoja."

Akapiga magoti. "Birindwa," akaita, kwa mara ya kwanza. "Mutoto wangu. Unisamehe."

Akamlaza kati ya shada la shanga na kibao cha mume. Uzito ukatoka mikononi mwake mara moja, na kilichobaki kilikuwa kaure tu, baridi. Akaita tena na tena, akakipapasa kibao chote. Hakuna kilichoitika.

Akageuka na uso uliolowa. "Dada Wambui, ulimuona. Alifanana na nani?"

"Wewe," akasema Wambui. "Mpaka masikio."