Malkia wa Chini ya Nyumba

Rasmiya alikanyaga kaa la moto jikoni na hakujua mpaka aliposikia harufu ya nyama. Akautazama unyayo wake kama wa mtu mwingine, kisha akaendelea kuanika mikate juani iumuke.

Ganzi ikapanda magotini, ikafika kifuani, maziwa yakakata. Mwanawe Hamdan alikuwa hajatimiza siku arubaini. Mama mkwe wake, Hajja Zannuba, alimnywesha uwatu wa kuleta maziwa, akamtania kwamba hata mbuzi mzee wa jirani angemcheka. Haikufaa. Mtoto aliyatapika maziwa ya mbuzi, akawa anakonda huku wanamwona.

Zannuba alijua chanzo. Sisi wa Gurna huku Misri, Mungu atusamehe, tumejenga juu ya makaburi ya wafalme wa kale, na mwanamke asiyezaa hushushwa humo aruke maiti, mshtuko umfungue tumbo. Kabla ya Hamdan, Rasmiya alikuwa karibu kuachwa kwa kukosa mtoto. Zannuba akamshusha chini ya nyumba, naye Rasmiya akamruka malkia aliyekaushwa. Desturi inataka uruke kwenda, kisha uruke kurudi. Taa ilizimika akiwa upande wa pili, naye akatoka kwa kuambaa ukuta. Hakuruka kurudi.

Shekhe Bughdadi, mpunga pepo, aliitwa akaja baada ya adhuhuri. Alipoanza kusoma Kurani, chumba kikanuka ubani uliochakaa na vitambaa vya kaburini, jua likiwa bado mlangoni, na chini ya sakafu kukasikika kitu kikijikokota polepole, kikasimama pale pale alipokaa Rasmiya, na sauti ikatoka kifuani mwake ilhali midomo yake imefumba.

"Aliniomba mtoto. Nikampa. Mbona ananinyima hata kumpakata?"

"Mtoto ni wa Mungu," shekhe akasema. "Toka."

"Natoka. Na nani atamnyonyesha, wewe?"

Ikatokea mguuni. Miguu ya Rasmiya ikapata uhai, kidonda kikaanza kumuuma. Zannuba akalia kwa shukrani. Lakini kifua kilibaki kama ubao, wala maziwa hayakurudi, na Hamdan akalia mpaka sauti ikamwisha.

Alasiri moja akanyamaza. Rasmiya akaingia taratibu, akamkuta amegeukia ukuta uliochongwa mlimani, midomo inacheza, koo linameza. Akamgeuza. Maziwa yalikuwa yakimtiririka kidevuni, yananuka ubani.

Zannuba akauliza kutoka uani, kwa woga, mbona mtoto kimya.

Rasmiya alimtazama mwanawe. Tumbo lilikuwa limejaa.

"Ananyonya, mama," akasema, akamgeuzia tena ukutani.