Nguzo Sita za Mulongo

Jumapili, tarehe 4 Agosti 2024, Tshiala aliamka akakosa mto wake. Aliukuta nje, juu ya ngazi ya mbele, umewekwa kwa uangalifu kama mzigo wa mgeni aliyeambiwa aondoke.

"Papa Mulongo, weye njo umetupa muto yangu inje?"

"Minyi? Juu ya nini?" alijibu mumewe, huku akinyoa ndevu. "Pengine umetembea mu usingizi. Ule mbuzi ya sherehe ulimukula mingi."

Tshiala hakucheka. Hakuwa amecheka naye tangu Mei ya mwaka uliotangulia, wakati Mulongo, dereva mstaafu wa treni, alipoibomoa nyumba yao ya matofali katika mtaa wa reli hapa Kamina, Kongo. Katika nyumba hiyo Tshiala alizaa watoto watano. Mahali pake Mulongo alijenga kitu alichokiona katika kitabu cha historia mwaka 1974, alipokuwa mwanafunzi: hekalu la Wagiriki wa kale. Nguzo sita mbele, pembetatu ya saruji juu yake, mlango mmoja mkubwa unaotazama mawio ya jua, na nyuma ya mlango huo chumba kirefu kisicho na dirisha hata moja.

Waliizindua nyumba hiyo mpya tarehe 28 Julai. Mbuzi alichinjwa juu ya jiwe pana lililowekwa uani, mbele ya ngazi. Mafuta ya mapaja yakaungua, moshi ukapanda, na wageni wote wakala wakiwa wamesimama uani, macho yao kwenye nguzo. Hakuna aliyealikwa kuingia, kwa kuwa viti vilikuwa bado havijafika.

Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 5, Tshiala mwenyewe aliamkia nje. Godoro lilikuwa chini yake, shuka limemfunika vizuri, na Mulongo alikoroma kando yake. Jiwe la uani lilikuwa limesuguliwa kwa mchanga, hapakuwa na moto, lakini lilinuka mafuta yanayoungua. Ndipo jua lilipochomoza, na mwanga ukapenya katikati ya nguzo, ukavuka kizingiti cha mlango uliokuwa wazi, ukatambaa sakafuni mpaka ukuta wa mwisho, na pale ukutani, ambapo hapakuwa na kiti wala mtu wala chochote cha kuizuia nuru, ukachora kivuli cha mtu aliyeketi, mkubwa hata kichwa chake kiligusa dari, na kichwa hicho kikaanza kugeuka, polepole, kuelekea mlangoni.

"Mulongo," alinong'ona. "Amuka. Muntu iko mu nyumba yetu."

Walimwita Christophe Bokungu, katekista aliyesoma seminari, mtoto wa askari wa Base, kambi ya jeshi iliyo nje ya mji. Alikuja na maji ya baraka, lakini mguu wake ulikataa kupanda ngazi. Alizitazama nguzo, akautazama mlango, kisha jiwe.

"Papa Mulongo, nani alikuambia hii ni nyumba ya bantu?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Bagiriki ba zamani habakukusanyika ndani sawa sisi mu kanisa. Bantu balibakia inje, ku altare, na nyama na moshi. Ndani ilikuwa makao ya mungu yao. Mulango ilitazama jua, ili yeye aone sadaka yake. Weye umejenga, umechoma mafuta, umesimamisha bantu inje. Umemuita."

"Lakini Bagiriki biko mbali! Huku Kamina, nani ataitika?"

"Bankambo yenu Baluba, babu ba zamani, habakujengea roho tunyumba mu lupango, mu kiwanja yao? Nani alikuwa analala mule?"

Mulongo aliitazama ngazi, akarudi nyuma hatua moja.

"Basi umufukuze," alisema Tshiala.

"Namufukuza wapi, Mama? Iko kwake. Ninyi njo bageni."

"Bageni?" Sauti yake ilifika mpaka barabarani. "Batoto tano nilizalia hapa! Bitovu yao iko mu huu udongo! Weye Mulongo na kitabu yako! Niliomba dirisha, ukasema Bagiriki habana dirisha. Niliomba jikoni, ukasema Bagiriki habana jikoni. Na bibi je? Bagiriki habana bibi?"

Alichukua nyundo kubwa ya reli ya mumewe iliyokuwa uani, akaipiga nguzo ya kwanza. Mulongo alimsihi, katekista akaanza rozari, na Tshiala akaendelea kupiga, vumbi la saruji likimjaa kinywani pamoja na matusi, huku kutoka chumbani kukisikika pumzi nzito, ndefu, ya mtu asiye na haraka, ambayo kila nguzo ilipoanguka ilizidi kusogea karibu na mlango, na harufu ya mafuta ikajaa uani kote.

"Kimbia, Mama! Paa inakuangukia!" katekista alipiga kelele.

Nguzo ya sita ilianguka. Tshiala aliruka nyuma, akafunika kichwa kwa mikono, akangoja.

Vumbi lilitua. Pembetatu ya saruji ilikuwa bado juu, imenyooka hewani, bila ufa, na chini yake hapakuwa na kitu.

Kisha mlango ulijifunga taratibu, na wote watatu wakasikia komeo likisukumwa kutoka ndani.