Kila Anapohamishwa

Saa kumi na mbili jioni Léontine alitoka nyumbani kwake, mtaa wa Bigo mjini Bunia, akiwa na vitu viwili ndani ya mfuko wa kitenge: diski ya DVD na simu. Diski ilikuwa ya matanga ya baba yake. Simu ilikuwa ya binti yake Priscille, maana ya kwake ilikuwa ya vibonyezo na haikuweza kupokea video. Alimwambia binti angemrudishia kabla ya chakula.

Alikuwa na haraka. Kesho yake asubuhi watu wa tume ya ardhi wangesikiliza familia zilizokimbia vita Djugu, mkoani Ituri. Kila familia iliyodai shamba ilitakiwa ionyeshe makaburi ya wazee wake. Kijijini kwao hakukuwa na wa kwenda. Njia ilikuwa imefungwa na nyumba zilikwisha chomwa. Kaburi la baba yake lilionekana mahali pamoja tu duniani, ndani ya ile diski. Na lile shamba ndicho kitu pekee ambacho Léontine angeweza kumwachia Priscille.

Ndugu waliotawanyika Aru, Kampala na Kinshasa walikwisha kubaliana: video iwekwe katika kundi la familia kwenye simu, kila mmoja awe nayo, isipotee tena.

Ilikuwa imekaribia kupotea mara mbili. Mwaka 1998 ilikuwa kaseti. Kaseti ikashika ukungu, na mashine za kuichezesha zikafa moja moja hadi mtaa mzima ukabaki bila hata moja. Mwaka 2006 kaka yake Néhémie akaihamishia kwenye VCD. Siku tisa baadaye Néhémie alianguka na pikipiki, akafa. VCD nayo ikachubuka, ikawa inarukaruka. Mwaka 2014 mdogo wake Paul akaihamishia kwenye DVD. Siku ya tisa Paul alikufa kwa homa.

Léontine hakuwahi kuzihesabu siku hizo pamoja. Ituri ina vita, ina barabara mbovu, ina homa. Mtu akifa, nani ataiuliza diski?

Studio ya Augustin ilikuwa nyuma ya soko. Mlangoni kulikuwa na ubao wa kazi zake: kaseti, VCD, DVD, fulashi, simu. Kila kazi ilipokufa, Augustin aliipiga mstari kwa rangi nyekundu. Neno moja tu lilikuwa halijapigwa mstari.

Yeye ndiye aliyepiga picha za matanga yale, akiwa kijana.

“Mama Léontine,” alisema alipoiona diski, “hii kitu hata panya wa Bunia hawaitaki tena.”

Léontine akacheka. Augustin akaigeuza diski, akasoma mwandiko wa Paul. Kicheko chake kikakatika.

“Ndugu zako hawakukuambiaka kitu juu ya hii matanga?”

“Kitu gani, papa?”

 Augustin alimwomba aiache, warudi kuongea wiki ijayo. Léontine akamweleza habari za tume, shamba na kesho asubuhi. Augustin alisikiliza huku diski ikiwa kwenye kidole chake, ikizunguka taratibu. Mwishoni aliuliza swali moja.

“Hii telephone ni ya nani?”

“Ni yangu.”

Kwake haukuwa uongo. Aliinunua yeye, kwa maharagwe aliyolima kwenye shamba la watu. Na cha mtoto ni cha mama yake.

Umeme ulikuwa umekatika. Augustin akawasha jenereta nyuma ya ukuta, akaitia diski kwenye kompyuta, akaunganisha simu kwa waya. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa chini ya skrini. Asilimia tatu. Asilimia nne. Juu yake picha ilikuwa inacheza.

Ua wa nyumbani. Mikaratusi. Wanawake wameketi chini, vitenge vichwani. Léontine alijiona akiwa na miaka ishirini na mitatu, akilia bila kufunika uso. Kisha jeneza likatolewa nje. Wimbo ukapanda.

Harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi ikaingia studio.

Léontine alitazama mlango. Ulikuwa umefungwa.

“Unaisikia?” alinong'ona.

“Naisikiaka kila mara,” Augustin alisema.

Wabebaji walikuwa sita. Léontine aliwakumbuka wote: wakwe wawili, majirani wanne. Alihesabu kwa kidole, bila kukusudia.

Sita.

Saba.

Nane.

Wa mbele, upande wa kushoto, alikuwa Néhémie.

Néhémie hakuwapo kwenye mazishi yale. Alikuwa Aru, kazini forodhani. Alifika siku ya tatu, akalilalia kaburi likiwa limekwisha funikwa, hadi wanaume wakamwinua kwa nguvu. Léontine alikuwapo. Sasa alimwona kaka yake chini ya jeneza, shingo imepinda, jasho linamtoka. Na nyuma yake alikuwa Paul. Mwaka 1998 Paul alikuwa na miaka kumi na miwili. Huyu alikuwa mwanamume mzima, mwenye ndevu alizokufa nazo.

Hakuna kati yao aliyekuwa akiimba.

Augustin alisema bila kumtazama. Siku ile ya matanga, ndugu wa Aru walikuwa wametuma ombi: kwa kuwa hawakuweza kufika, wapigiwe picha ya uso wa marehemu, waage kwa mbali. Shangazi Pétronille, dada wa marehemu, alikataa. Alisema wapigwe picha walio hai tu. Lakini Augustin alikuwa kijana, na kamera ilikuwa mpya. Alipanda juu ya kiti, akapiga ndani ya jeneza. Pétronille alimngoja nje ya ua.

“Alisema nini?”

“Alisema: umemutoa mu udongo, umemuweka mu kitu yenye kuharibika. Sasa hana nyumba. Kila mukimuhamisha, iko atatafuta mutu wa kumubeba.”

Asilimia arobaini.

Augustin alisema kazi ya 2006 na ya 2014 zote alizifanya yeye. Mara ya kwanza hakuona kitu hadi Néhémie alipozikwa. Mara ya pili alimwonya Paul. Paul alicheka, akasema hayo ni mambo ya wazee.

“Na mara hii atabebwa na nani?”

“Mwenye kitu tunachomuhamishia. Ndivyo ninavyofikiri.” Akaushika waya. “Sema, nitoe.”

 Jenereta ilikohoa, ikaendelea. Léontine aliufikiria umri wake, miaka hamsini. Alifikiria chumba cha Bigo wanacholala wawili. Bila ile picha hakuna kaburi, bila kaburi hakuna shamba, na Priscille angelima shamba la watu mpaka mgongo upinde, kama yeye.

“Acha iende,” alisema. “Bega yangu iko nguvu bado.”

Asilimia mia.

Augustin alichomoa waya. Léontine akamwambia aitume kwenye kundi kabla hajabadili nia. Kundi lilikuwa na watu arobaini na mmoja. Augustin akabonyeza. Ikaenda.

Kisha Léontine akaichukua simu akaifungua ile video. Alitaka kujiona. Alitaka kujua amewekwa wapi, mbele au nyuma.

Ua. Mikaratusi. Wimbo. Jeneza likatoka. Akajitafuta kati ya wabebaji na hakujiona. Bado alikuwa chini na wanawake, kijana, akilia.

Katikati ya wanaume, chini ya jeneza, alikuwa msichana mwenye sketi ya bluu na blauzi nyeupe ya shule.

Alikuwa ameinamisha kichwa. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio, akakiinua.

Priscille alizaliwa mwaka 2008.

“Ulisema ni yako,” Augustin alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Léontine. Ulisema telephone ni yako.”

 Léontine alikuwa akibonyeza kila alichoweza kubonyeza. Augustin alimnyang'anya, akaifuta video kwenye simu, akaifuta kwenye kundi kwa wote. Akakagua. Haikuwapo. Wakapumua, wote wawili.

Simu ikalia.

Alikuwa Aimée, binti wa shangazi yake, kule Aru. Alikwisha ipakua kwenye simu anayochezea mwanawe. *Dada, mbona naona Fiston wangu iko anabeba sanduku? Fiston ana miaka tisa.*

Ikalia tena. Ambroise wa Kampala, anayetumia simu ya mkewe, aliuliza nani amemtia mkewe kwenye matanga ya zamani, na kama huo ni mchezo, akome. Mwingine, wa Kinshasa, alikuwa amekwisha itumia kanisa lake waombee familia.

Ikalia. Ikalia.

Augustin aliiweka simu mezani na kurudi nyuma hatua moja.

“Kaseti ilikuwa inaenda polepole,” alisema. “Ilingoja miaka nane, kisha nane tena. Hii haingoji.”

Léontine alimuuliza afanye nini. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Augustin akasema Pétronille ndiye aliyejua, na Pétronille alikufa wakati wa vita. Hata mahali alipozikwa hakuna anayepajua. Akaizima jenereta. Gizani harufu ya udongo ilikuwa bado ipo.

Alirudi Bigo kwa miguu. Ilikuwa bado saa mbili kasorobo. Watu walikuwa wakinunua mkate, pikipiki zilipita. Simu ilitetemeka mfukoni njia nzima.

Priscille alikuwa ameketi kando ya mbabula ya makaa, sahani mbili zimefunikwa. Alikuwa akijikanda bega la kushoto. Alisema halikuwa jambo kubwa, labda alilala vibaya, ila lilianza ghafla tu, jioni hii. Léontine akalifunua lile bega karibu na taa. Ngozi ilikuwa nyekundu, imebonyea mstari mmoja ulionyooka, kama ya mtu aliyebeba ubao.

“Inauma?”

“Ni nzito tu, mama.”

Léontine aliketi. Alihesabu siku kichwani, akafika tisa, akaanza upya. Kisha akaifungua simu. Video ilikuwa imerudi kwenye kundi. Ndugu walikuwa wakitumiana wenyewe. Alijiambia kwamba angalau kaburi. Angalau kesho tume waone kaburi, shamba lipatikane kwa jina la mtoto, hata kama mtoto... Hakulimaliza wazo hilo. Alisogeza picha mpaka mwisho.

Wabebaji walikuwa wengi sasa, hakuweza kuwahesabu. Walipita mikaratusi. Walifika kwenye shimo, na Léontine alilitambua, na msalaba wa mbao uliolazwa pembeni, na kilima kilichokuwa nyuma. Hapo ndipo mazishi yalipokuwa yakiishia.

Hawakusimama.

Walilipita shimo, wakaushika mteremko, jeneza likiyumba juu ya mabega. Wanawake waliinuka wakafuata. Picha ikaendelea kuonyesha njia, na kilima kingine, na njia. Léontine akatafuta dakika zilizobaki chini ya skrini. Namba ilikuwa inaongezeka.

Priscille alisogea, akaegemea bega la mama yake ili naye aone. Alisikiliza wimbo kidogo.

“Mama,” aliuliza, “wanamupeleka wapi?”