Chumba Ndani ya Bunduki

Jogoo wa Kalunde aliacha kuwika siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Ndunge akiwa amesimama mlangoni pa karakana yake akimtazama. Jogoo alipanda juu ya ndoo iliyofunikwa, akapiga mabawa, akanyoosha shingo, akaachama mdomo kama kawaida yake. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Kisha akashuka, akaenda kujificha nyuma ya magunia ya makaa kama mtu aliyeaibika mbele za watu.

"Mama Mbithe!" Ndunge alimwita Kalunde, jirani yake, huku akicheka. "Huyu jogoo wako ameokoka! Ameacha kelele!"

Aliporudi ndani aliona bunduki aliyokuwa akiitengeneza imegeuka. Jana yake aliiacha juu ya meza ya kazi ikiuelekea ukuta, ili rangi ikauke bila kuingia vumbi. Sasa mdomo wake ulielekea nje, mlangoni. Akadhani ni mumewe aliyeisogeza akitafuta viatu. Akaigeuza, akashika kazi.

Haikuwa bunduki ya kweli. Ndunge alikuwa fundi wa mabango na vikombe vya ushindi pale mjini Sultan Hamud, na mikono yake ilijulikana mpaka Makindu. Msichana mmoja wa Nairobi aitwaye Ndeti, mtengeneza filamu, alikuwa amemletea mchoro wa silaha ya askari wa angani. Walitaka kupiga picha za vita vya sayari kwenye nyika kavu, na bunduki ile ilipaswa kuonekana kama imepigana miaka mia.

Ndunge aliianza bila kitu mkononi ila mchoro. Mtutu aliutoa kwenye bomba la plastiki la maji, akalipasha juu ya jiko mpaka likalainika, akalikunja alivyotaka. Mpini aliuchonga kwa mti wa mukau. Springi ya pikipiki ikawa shingo, chujio la chai likawa matundu ya kupozea moto. Akajaza pati ya magari kwenye mianya, akapiga msasa, akajaza tena, akapiga msasa tena, wiki tatu. Akapuliza rangi nyeusi, juu yake rangi ya fedha, halafu akaikwangua kwa kisu mahali ambapo kiganja cha askari kingekuwa kimeisugua.

Katikati ya mchoro palikuwa na duara, na ndani yake Ndeti ameandika: chumba cha moto. Hakuna ambaye angekifungua. Fundi mwingine angechora duara kwa nje akaachia hapo. Lakini Ndunge hakujua kuacha kitu nusu. Alitengeneza chumba chenyewe, ukubwa wa ngumi, akakitandika bati jembamba, akakilainisha mpaka ndani yake pakawa kama ndani ya ganda la yai, akakipaka rangi nyeupe. Jumatatu saa saba mchana, jua likiwa utosini, alikifunga kwa gundi. Alipokuwa akibana kifuniko alihisi pumzi fupi ikipita kati ya vidole vyake, ikiingia. Akasema ni joto.

Jumatano bunduki ilikuwa imegeuka tena.

Safari hii Muthama, mumewe, alikuwa ameondoka alfajiri. Kazi ya Muthama ilikuwa sauti yake. Alizunguka na pikapu yenye spika mbili juu, kutoka Sultan Hamud mpaka Kathonzweni, akitangaza mazishi, mikutano ya injili na siku za mnada. Jumapili aliongoza kwaya. Watu walisema Muthama akitangaza matanga, hata asiyemjua marehemu anatafuta kitambaa.

Ndunge aliinama karibu na bunduki. Ilikuwa na harufu. Si ya rangi wala ya gundi. Ilikuwa harufu ya udongo ulionyeshewa, na mvua ilikuwa haijagusa nchi ile miezi saba. Akaweka sikio kwenye mtutu. Mbali kabisa, kama kutoka ng'ambo ya bonde, jogoo aliwika.

Aliifunika kwa gunia upesi, akakaa kwenye kiti, mikono imebanwa katikati ya magoti. Hakumwambia mtu. Angesemaje?

Mchana Kalunde aliingia kuazima mkasi. Alikuwa fundi cherehani, chumba chake kikipakana na karakana, na mtoto wake Mbithe wa miezi saba alikuwa mgongoni akilia kwa njaa.

"Ngoja nimnyonyeshe huyu kabla hajaniua," Kalunde alisema, akamketisha mtoto mkekani ili afungue vifungo vya blauzi.

Gunia lilikuwa limeteleza. Ndunge aliona mtutu umechungulia nje ya gunia, umetulia, umemwelekea mtoto, na kabla hajanyanyua mguu kilio cha Mbithe kilikatika kama uzi. Mtoto aliendelea kulia. Uso ulikuwa umekunjamana, machozi yakitiririka, ulimi ukitetemeka ndani ya mdomo ulio wazi, lakini chumba kilikuwa kimya hata mashine ya kusaga iliyokuwa mtaa wa pili ikasikika.

"Amekabwa!" Kalunde alimrukia, akampigapiga mgongoni. "Mama! Ndunge, mtoto amekabwa!"

Hakuwa amekabwa. Hospitalini daktari alimulika koo, akasikiliza kifua, akasema haoni tatizo lolote, pengine mtoto amechoka kulia tu, arudishwe baada ya siku tatu. Kalunde alirudi amembeba kifuani. Na Ndunge, aliyekuwa amefuatana naye njia nzima, alijua kwamba sasa lazima aseme.

Alimwambia Muthama jioni, jua likiwa bado halijazama. Alitarajia acheke. Hakucheka. Aliingia karakanani kwa hatua ndefu, akaondoa gunia, akaishika bunduki kwa mtutu kama mtu anavyomshika nyoka shingo.

"Hii kitu inatoka leo," alisema. "Na haitoki kwa nguvu zangu. Katika jina la…"

Midomo yake iliendelea. Ndunge aliiona ikifunguka na kufunga, aliona mishipa ya shingo ikivimba, aliona macho ya mumewe yakielewa kidogo kidogo jambo ambalo mdomo ulikuwa bado haujalielewa, na kutoka mle ndani ya plastiki na pati na chujio la chai, taratibu, kwa sauti ile nzito iliyozoeleka kila kijiji cha barabara ile, ikatoka: "Katika jina la. Katika jina la. Katika jina la."

Muthama aliitupa. Ndunge alinyakua nyundo, akainua kwa mikono miwili.

"Ndunge," bunduki ilisema kwa sauti ya mumewe, kwa upole ule aliokuwa akimwamsha nao asubuhi. "Ndunge wangu, usinivunje. Niko humu."

Nyundo ilimponyoka. Muthama alikuwa ameketi sakafuni akishika koo lake kwa mikono yote miwili, akitikisa kichwa, naye Ndunge hakujua kama anamwambia vunja au usivunje.

Mchungaji wao alikuja na wazee wawili, wakaomba mpaka wakakauka koo, wakiwa nje, kwa kuwa hakuna aliyetaka kusimama mbele ya mtutu. Hakuna kilichobadilika. Siku ya Ijumaa Kalunde ndiye aliyesema kuna mama mmoja wa Kiislamu huko Makindu, Bi Esha, ambaye babu yake alitoka pwani akiwa mpishi wa wajenzi wa reli, na anajua mambo ya namna hii.

Bi Esha alikuja baada ya swala ya Ijumaa. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miwani na mkoba wa plastiki. Hakuingia karakanani. Alikaa chumbani kwa Kalunde, akasikiliza yote, kisha akauliza swali moja tu.

"Mwanangu, ndani yake umeweka nini?"

"Hakuna kitu, Bi Esha. Kuna kachumba tu. Tupu."

"Umekatengeneza vizuri?"

Ndunge aliitikia kwa kichwa.

"Basi ndiyo hayo," Bi Esha alisema kwa sauti ya chini. "Umejenga nyumba nzuri, ukaipaka rangi, ukafunga mlango, wala hukumweka mtu. Mchana wa jua kali wao, wasioonekana, hutafuta kivuli. Huyu amepata. Na nyumba tupu ina ukiwa, kwa hiyo anajikusanyia wa kuzungumza nao."

"Tukiivunja?" Kalunde aliuliza.

"Vilivyomo vitapotea pamoja na nyumba."

Muthama aliandika kwa chaki nyuma ya bango: TUFANYE NINI?

Bi Esha aliwaambia waizike, mdomo ukitazama chini, kabla ya magharibi. Angesoma anayoyajua. Halafu kwa siku tatu, mpaka jua la Jumatatu lizame, sauti zitaita kutoka ardhini, na mtu yeyote asizijibu. Hata kwa neno moja. Hata kwa kuguna. "Akiona haitikiwi atachoka, atatoka, na kila kitu kitarudi kwa mwenyewe. Akijibiwa, basi, hatoki tena." Alivua miwani akaifuta. "Nami sitawadanganya. Nimeona ikifaa mara moja tu."

Muthama alichimba nyuma ya karakana, chini ya dirisha la Kalunde, ambapo udongo ulikuwa laini. Kila alipotupa jembe la udongo, sauti yake mwenyewe ilimwomba aache. Alichimba na kufukia huku akilia bila sauti.

Siku ya kwanza ilikuwa sauti ya jogoo. Iliwika chini ya ardhi kutwa nzima, na jogoo mwenyewe akawa anazunguka pale juu, akichakura.

Siku ya pili, Jumapili, sauti ya Muthama ilianza kutangaza. "Wapendwa wananchi wa Sultan Hamud, Kiboko na Makindu, tunawatangazia kwa masikitiko kifo cha dada yetu mpendwa, Ndunge, fundi wa mabango…" Ilitaja jina la baba yake. Ilitaja mahali atakapozikwa, na saa, na wimbo utakaoimbwa, na ikasema amekufa kwa sababu mume wake aliita akakosa kuitikiwa. Ndunge alijaza pamba masikioni, na juu ya pamba akaweka viganja, na bado kila neno lilipanda kwa miguu yake kutoka kwenye sakafu, mpaka Muthama akaja akamnyanyua, akamweka juu ya meza, akakaa naye hapo wamekumbatiana kama watu waliozingirwa na mafuriko.

Jumatatu Mbithe akalia.

Ilianza saa sita. Kilio cha njaa, kile ambacho mama yeyote anakitofautisha na vingine vyote. Kalunde alikuwa chumbani kwake, Ndunge amekaa naye ili amshike. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala mapajani, mdomo wake mdogo umefungwa. Tangu Jumatano maziwa yalikuwa yamegoma. Mtoto alinyonya, akakosa, akalia bila mlio, na matiti yakabaki makavu, kwa maana mwili wa Kalunde ulikuwa haujaitwa. Sasa kilio kilipopanda kupitia dirishani, Ndunge aliona madoa mawili yakitokea kwenye blauzi, yakapanuka, yakaungana, yakachuruzika mpaka kiunoni.

"Aiyai, Ndunge," Kalunde alinong'ona. "Si unamsikia?"

"Simsikii. Na wewe humsikii. Mtoto wako ni huyu hapa."

"Analia kama anakufa."

"Nyamaza, mama. Bado kidogo tu."

Saa kumi. Saa kumi na moja. Kilio kilikuwa kimepanda, kimekauka, kimekuwa kwikwi za mtoto aliyeachwa peke yake muda mrefu, na Kalunde aliuma kanga, akatikisika, akauma mkono wake mwenyewe, na Ndunge alimshika kwa nguvu zake zote huku akitazama jua kupitia mlangoni, jua ambalo lilikuwa limegusa kilele cha kilima na likakaa pale, jekundu, kana kwamba nalo limekataa kwenda, akihesabu pumzi, akisema moyoni bado kidogo, bado kidogo, na ndipo chini ya dirisha kwikwi zikakoma ghafla, na katika kimya hicho mtoto akatoa mguno mmoja mdogo sana, wa mwisho, kama anayekata tamaa.

"Nakuja, mwaitu, mwanangu!" Kalunde alipiga yowe. "Nakuja!"

Ndunge alimziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Jua likazama papo hapo. Kalunde alibaki ameachama, na hakuna sauti tena iliyotoka kwake. Kutoka ardhini, taratibu, mtu aliita kwa sauti ya Kalunde: "Nakuja. Nakuja. Nakuja."

Bi Esha alipigiwa simu. Akasema hatarudi, kwa sababu aliyemo mle ndani sasa ameshajua kwamba huitikiwa.

Hawakuhama. Ndunge alitaka, lakini Muthama hakukubali kuiacha sauti yake chini ya udongo wa watu wengine. Siku hizi anafanya kazi ya kubeba mizigo stendi. Na Kalunde, kila saa sita mchana, anatoka na Mbithe, anakaa juu ya ule udongo, anafungua blauzi, anangoja. Ardhi ikilia, maziwa yanatoka, na mtoto ananyonya. Mahali pengine popote hayatoki. Ndunge huwatazama kutoka dirisha la karakana, na kila siku husema ataenda kumwondoa pale, na kila siku haendi, kwa kuwa mtoto ananenepa.

Sasa Mbithe ana mwaka na miezi miwili, anatembea. Juu ya ardhi hajawahi kutamka kitu. Lakini kile kilicho chini nacho kinakua. Mwezi jana, baada ya kilio cha mchana, kilianza kubwabwaja kama watoto wa umri wake, ba-ba, da-da, na Kalunde alilaza shavu udongoni akisikiliza, akitabasamu, akingoja aitwe mama.

Juzi mchana neno la kwanza lilikuja. Lilikuja wazi, kwa sauti nyororo ya mtoto, na Kalunde akainua uso polepole, akageuka kulitazama dirisha alikosimama Ndunge.

"Ndunge," mtoto alisema kutoka ardhini. Halafu, baada ya kungoja kidogo: "Ndunge?"