Vifungo vya Celine

Kila Jumamosi Celine na mama yake, Aluoch, walitoka Lindi, Kibera, wakaenda Kawangware, kwenye karakana ambako Aluoch alishona sare za shule. Zamani safari hiyo ilikuwa ya manung'uniko matupu. Aluoch alimlalamikia bosi, jua, hata cherehani isiyo na kosa. Lakini Mzee Muigai, mwenye karakana, alipostaafu aliwauzia mafundi wake biashara yote. Sasa wao ndio wenyewe, na Aluoch huenda kazini akiimba.

"Mum, siku hizi huchoki?" Celine alimuuliza.

"Nachoka. Lakini zamani nilikuwa nachoka hata kabla sijafika!"

Siku hiyo walikuwa wakimalizia mashati ya shule moja ya Riruta Satellite, mteja wao mkubwa kuliko wote. Wangempoteza huyo, karakana ingeyumba. Celine alipewa kazi ya kushona vifungo. Basi, binti huyu alikuwa amemwahidi rafiki yake Immaculate kwamba watacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na moyo wake ulikuwa huko. Akapitisha sindano mara moja tu, bila kufunga fundo. Rundo likaisha upesi ajabu.

Fundi Shivachi, aliyekuwa akikunja mashati, alivuta kifungo kimoja. Kikabaki mkononi mwake. Akavuta cha pili, nacho kikang'oka.

"Celine, hii ni nini?" Aluoch aliuliza.

"Aki Mum, si ni za wenyewe? Zitaenda tu hivyo."

Mafundi waliangua kicheko. Aluoch hakucheka. Maneno hayo yalikuwa yake mwenyewe. Ndivyo alivyozoea kusema enzi za Mzee Muigai, mtoto akimsikiliza.

"Hayo umeyatoa kwangu," alisema kwa aibu. "Nilikufunza vibaya, mwanangu. Lete hayo mashati."

Saa ya kufunga ikafika. Celine alidhani mafundi watachukua mikoba yao waende. Badala yake Shivachi alivuta stuli, fundi mwenzake Nasipwondi akatafuta sindano, na wote wakaketi kufumua na kushona upya. Hakuna aliyewaamuru. Celine aliwaonea huruma mpaka machozi yakamlengalenga.

"Poleni," alisema.

"Shona, wewe! Utalia ukimaliza," Nasipwondi alimtania, akamsogezea uzi.

Walipomaliza, Celine aliuliza, "Mum, mnajikaza hivi kwa sababu karakana ni yenu?"

"Ndiyo. Ukiwa na sauti kazini, na jasho lako likikurudia, moyo unaamka wenyewe," Aluoch alijibu, akimkumbatia. "Lakini nilikosea kungoja mpaka iwe yangu. Miaka yote ile nikilipua kazi, nilidhani namkomoa Muigai. Kumbe aliyekwenda shule kifua wazi, akachekwa na wenzake, ni mtoto kama wewe. Kazi yoyote utakayoishika, Celine, mfikirie kwanza atakayeivaa."